Mtu Hafuatwi

Hakuwahi kutembea katikati ya njia. Hata kwenye korido ya ghorofa yetu pale Berea, mjini Durban, yenye sakafu ya saruji isiyoshika alama ya kiatu, alipita ukingoni, bega likiparuza ukuta. Wageni walidhani amelewa. Sisi tuliokaa naye tulijua ni mazoea ya kazi. Msoma nyayo hazikanyagi nyayo. Anaziacha katikati, yeye anapita pembeni.

Tulimwita Mzee Pisteur. Pisteur ni neno la Kifaransa tulilokuja nalo kutoka Kongo, maana yake mtu anayewatangulia wawindaji akisoma alama chini. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, siku ya mazishi yake, na nikageuka kumwuliza mama mmoja aliyekaa nyuma yangu kama tumeingia kwenye mazishi ya mtu mwingine.

Niseme mapema nilichokitaka kwake, asije mtu akadhani namwandika kwa mapenzi tu. Kabla ya kuja Afrika Kusini, mzee huyu alikuwa garde, mlinzi wa hifadhi ya wanyama, kule kwetu mashariki mwa Kongo. Kaka yangu mkubwa alipigwa risasi na walinzi wa hifadhi hiyohiyo. Ilikuwa wakati wa vita. Tulikuwa tumekimbilia kwenye majengo ya shule, hatuna cha kula, naye akaingia msituni na wenzake wawili kutega swala. Wenzake walirudi. Walisema alipigwa karibu na mto, akakimbia na jeraha akaingia kwenye matete, na hapo ndipo walipomwona mwisho. Hakuna aliyetuletea maiti. Hatukukaa matanga, kwa sababu mama aliuliza, matanga ya nani?

Nilitaka kujua kitu kimoja. Sikutaka kujua nani alifyatua. Nilitaka kujua kama walimfuata. Kama walimfuata, basi yuko mtu aliyeuona mwisho wake. Kama hawakumfuata, alilala kwenye matete yale peke yake, na sijui kwa muda gani.

Kwa miaka mingi tulitenganishwa na ukuta wa mbao, chumba changu huku na chake kule, nikimsikia akikohoa, naye bila shaka akinisikia nikisali. Sikumwuliza. Alikuwa mtu wa kwetu. Binti yangu Furaha alipougua siku teksi zilipogoma, yeye ndiye aliyembeba mgongoni hadi kliniki, mlima wote ule, bila kupumzika. Na kabla ya kula alisali kwa lugha ya kijiji chetu, lugha ambayo katika mji huu mzima niliisikia mdomoni mwake tu. Mtu akikupa vitu kama hivyo, unaogopa kumwuliza swali ambalo linaweza kumwondoa.

Shamba alilofanyia kazi liko kaskazini, saa kadhaa kwa gari kutoka Durban. Zamani lilikuwa la miwa. Mwenye shamba aling'oa miwa, akazungusha uzio mrefu, akanunua wanyama mnadani jinsi watu wanavyonunua ng'ombe: tandala, nyati wachache, na pofu, yule swala mkubwa kama fahali ambaye Wazulu wanamwita impofu. Halafu wanakuja wageni kutoka ng'ambo, kila mmoja na mnyama wake aliyemchagua kwenye picha kabla hajapanda ndege. Mzee aliingia pale kama mtengeneza uzio. Siku moja tandala aliyejeruhiwa akapotea, mbwa wakashindwa. Mzee akaweka koleo chini, akaenda, akampata. Tangu siku hiyo hakurudi kwenye uzio.

Msimu wao ni wa baridi, nyasi zikiwa fupi. Majira ya joto alirudi mjini, akavaa fulana ya njano ya walinda magari, akasimama mbele ya maduka kuwaonyesha watu mahali pa kuegesha. Wenye magari hawakumtazama usoni. Aliniambia analijua kila gari kwa magurudumu yake, na yupi kati ya wale mabwana analala nje ya nyumba yake, lakini hiyo si kazi yake kuisema.

Watu wa jengo letu walimjia mara nyingi na mashtaka. Nguo zimeibwa kwenye kamba, viatu vimetoweka mlangoni. Walitaka ainame asome sakafu awape jina. Alikuwa anainama, anasoma, kisha anasimama na kupangusa magoti.

"Nyayo zinasema mutu alipita. Hazisemi kama aliiba."

Hilo lilikuwa jibu lake siku zote, na waliondoka wamenuna.

Nilidhani kazi ya pisteur ni kumtafuta mnyama. Alinicheka.

"Pofu alishuka kwenye lori juma lililopita, Mama Furaha. Uzio iko pande zote. Ataenda wapi? Mimi minajua fasi analala, minajua fasi anakunywa maji."

"Sasa kazi yako nini?"

"Kazi yangu ni kumuchelewesha muzungu."

Mgeni akiua asubuhi ya kwanza anajiona ametapeliwa. Kwa hiyo mzee alimzungusha. Alimpandisha kilima na kumshusha. Alimtambaza kwenye miiba mahali ambapo wangeweza kupita wima. Aligusa mavi aliyojua ni ya jana, akafumba macho kidogo, akasema bado yana joto. Jioni wakiota moto alikuwa na maswali yake madogo, mwenye shamba akitafsiri: baba yako aliwinda? Una watoto? Mkubwa anafanya nini? Mgeni alifurahi kuulizwa na mzee wa Kiafrika habari za nyumbani kwake. Kesho yake maswali yale yalizaa matunda. Palikuwa na bwana mmoja aliyemzika baba yake mwaka uleule. Mzee alimwambia kwamba dume wanalolifuata ni zee, liliishi na mwenzake miaka mingi, mwenzake akafa, na sasa linatembea peke yake likimtafuta. Yote hayo aliyatunga njiani. Dume lenyewe lilikuwa limekuja na lori, pamoja na mengine. Yule bwana alipoliua alilia juu ya pembe zake, kisha akambusu mzee kwenye paji la uso.

"Nilimupa kile alikuja kutafuta," mzee aliniambia.

"Ulimpa uongo."

"Alikuja nayo mwenyewe kutoka kwao. Mimi nilimuonyesha tu fasi ya kuiweka."

Mara moja tu alisema ukweli. Alikuja msichana na baba yake, safari ikiwa zawadi yake ya kumaliza shule, na yule msichana alimfuata mzee pembeni akamwuliza kama mnyama wake ni wa porini kweli. Aliuliza kwa Kiingereza chepesi, kama anaongea na mtoto, na mzee akajibu kwa kile chake: lori, wiki iliyopita. Msichana alikaa chini kwenye vumbi na bunduki mapajani, akakataa kuinuka. Baba yake alipiga kelele, mwenye shamba alipiga kelele zaidi. Mzee nusura afukuzwe.

"Na ilimusaidia nani, ile kweli?" aliniuliza. "Yule pofu alipigwa juma lililofuata na mutu mwingine."



Baada ya risasi ilibaki kazi ya kumwosha mnyama kwa ajili ya picha, na kazi hiyo hakumwachia mtu. Alifuta damu puani kwa kitambaa chenye maji. Alirudisha ulimi ndani. Aliziba tundu la risasi kwa nyasi, akakunja miguu chini ya tumbo ili mnyama aonekane amejilaza tu, akageuza kichwa mpaka pembe zote mbili zikashika anga. Mgeni alikalishwa nyuma, mbali kidogo, ili mnyama atokee mkubwa. Mwisho mwenye shamba alichuma kitawi cha majani, akakiweka mdomoni mwa mfu. Ilikuwa desturi ya babu zake Wajerumani, tonge la mwisho. Mzee aliiona ni upuuzi, lakini kitawi kikianguka alikiokota na kukirudisha taratibu, kama unavyomlisha mgonjwa.

Alinieleza haya akiwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mimi nachambua sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa nasikiliza na kufikiri kwamba huyu mtu anajua kuosha. Ameliosha kila dume lililoanguka kwenye shamba lile. Nilitamani atoke chumbani mwangu, na nilitamani aendelee.

Nyama ilikuwa yetu. Mgeni anachukua kichwa na ngozi, mwili unabaki kwa wafanyakazi, na kila alipokuja mjini alibeba mfuko. Mara ya kwanza alipogonga mlango wangu sikunyoosha mkono.

"Kamata, Mama Furaha. Muzungu anatafuta pembe tu."

"Sili nyama ya msituni, muzee."

"Tangu lini mutu wa kwetu hali nyama ya msituni?" Akaweka mfuko juu ya meza. "Kula. Nyama haina kosa."

Niliipika na nyanya na pilipili. Furaha alirudia sahani. Ilikuwa nyama tamu kuliko yoyote niliyokula tangu tuondoke kwetu, na niliitafuna nikiwa na hasira kwa sababu ilikuwa tamu. Kaka yangu aliuawa kwa sababu ya swala mmoja ambaye tungemmaliza kwa siku mbili. Mtu aliyelinda wanyama wale dhidi yetu sasa alikuwa ananiletea mnyama mlangoni, amefungwa kwenye mfuko wa duka. Nilikula. Miaka yote niliendelea kula.

Tumbili ndio walionidanganya juu yake.

Tumbili wa Berea ni wezi. Wanaingia dirishani, wanachukua mkate mezani huku wanakutazama. Bwana mmoja wa jengo la jirani alikuwa na bunduki ya upepo, na Jumamosi moja mchana alimpiga mmoja juu ya paa letu. Tulimsikia akilia, kisha akaruka ukuta akatokomea. Mzee alikuwa anapiga pasi shati lake la kanisani. Akachomoa pasi.

"Mama Furaha, twende. Kingereza yangu haitoshi."

"Twende wapi?"

"Iko na jeraha."

"Ni tumbili, muzee."

"Jeraha haina kulala," akasema, na tayari alikuwa kwenye ngazi.

Tulishuka mtaa baada ya mtaa, yeye mbele, mimi nyuma na ndara zangu za nyumbani. Alionyesha tone juu ya ukuta, tone kwenye jani, jiwe lililogeuzwa. Mbwa walitubwekea katika kila ua. Kwenye geti la nyumba moja kubwa ya kizamani, mlinzi Mzulu alitusimamisha.

"Ufunani lapha, baba?" Alitaka kujua tunatafuta nini pale.

Nikamwambia kwa Kiingereza tunamfuata tumbili aliyepigwa.

"Inkawu? Haibo!" Akatazama ndara zangu, akatazama mzee aliyekuwa amepiga magoti anachungulia majani. "Ni shangazi yenu, au vipi?"

Nilipomtafsiria, mzee hakuinua kichwa. "Mwambie shangazi anaumwa. Tumeleta dawa."

Mlinzi alicheka mpaka akashika geti, akatufungulia.

Tulimkuta nyuma ya tangi la maji, ameketi, mkono umefunika tumbo kama mtu mwenye kichomi. Mzee alichukua jiwe. Nikageuza uso. Nilisikia mara moja tu. Alimfunika kwa majani, akanawa mikono kwenye bomba la watu, na tulipokuwa tunapanda mlima kurudi akasema, "Mwenye kupiga sasa hivi anakula. Njo vile siku zote. Anapiga, anaingia nyumbani."

Siku ile nilipata tumaini. Niliwaza kwamba mtu anayeacha pasi yake kwa ajili ya tumbili, huyo lazima alimfuata kaka yangu. Au kama hakuwa yeye, aliwafundisha wenzake kufuata. Nilimpikia kwa moyo mweupe kwa muda mrefu kidogo.

Jiko letu lilikuwa moja kwa vyumba vyote. Chumba cha mwisho alikaa msichana Mkenya aliyekuwa chuo kikuu, akisomea mambo ya mazingira, mwenye ulimi mkali na moyo mzuri. Yeye na mzee walipendana kwa kugombana. Nilimsimulia habari ya tumbili, na jioni moja alimsubiri jikoni.

"Mzee, mimi sikuelewi hata kidogo. Tumbili unamlilia, halafu unaenda kuwaonyesha wazungu mahali pa kupiga. Kwetu kuua mnyama kwa ajili ya pembe haikubaliki kabisa. Mnyama si pambo la ukuta wa mtu."

"Na kwenu wanyama iko mingi kuliko zamani?"

Msichana alikuwa mkweli. "Hapana. Wamepungua. Mashamba, ng'ombe, nyaya kila mahali."

"Ah! Njo ile." Mzee akapiga meza. "Huku muzungu asipokuja, patron wa shamba anarudisha miwa. Miwa haizai pofu."

"Sawa, hiyo nakupa. Lakini usiniambie ni kupenda wanyama. Mnachagua dume lenye pembe ndefu, lenye mbegu nzuri. Mfugaji gani anachinja fahali wake bora kila mwaka?"

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Binti huyu! Utapata bwana kweli na mudomo hiyo?"

"Nikikosa nitakuja kuolewa na wewe, jitayarishe."

Tulicheka sote. Nilikuwa nasonga ugali. Kisha Mkenya akauliza, bila ubaya wowote, kwa sababu yeye hakujua:

"Na kule Kongo, ulipokuwa garde, majangili mlikuwa mnawafanya nini? Maana wengi si walikuwa wanatafuta chakula tu?"

"Kule kulikuwa sheria."

"Sheria gani?"

"Mwenye kuingia na mitego, tunamukamata. Mwenye kukimbia, tunapiga."

"Halafu akikimbia na risasi mwilini? Mnamfuata, kama tumbili?"

Mzee alitazama mikono yake juu ya meza.

"Mutu, apana," akasema. "Mnyama mwenye jeraha anatafuta fasi ya kulala. Mutu mwenye jeraha anatafuta fasi ya kukungojea. Labda iko na bunduki, labda ndugu zake wamejificha. Chef, mukubwa wetu, alikataza. Mutu hafuatwi."

Niliendelea kusonga ugali. Nilisonga mpaka ukawa mgumu kama tofali, mwiko ukakwama.

"Kwa hiyo," Mkenya alisema polepole, na kicheko chote kilikuwa kimemtoka, "pofu wa mzungu anatafutwa mpaka apatikane, na mtu mwenye njaa anaachwa aoze."

"Mimi sikuandika ile sheria."

"Lakini uliishika."

Mzee aliinuka. Alinitazama mimi, si yeye. Alitazama sufuria. Kisha akatoka akipita kando ya ukuta.

Ningeweza kumwuliza usiku uleule. Nilichofanya ni kulala kitandani nikijiambia kwamba sheria ni kitu kimoja na mtu ni kitu kingine. Yeye mwenyewe alimkaidi mwenye shamba mara ngapi? Mnyama alikimbia na jeraha, wageni wakarudi kambini kula, mwenye shamba akasema tutamtafuta kesho, kwa sababu kule damu ikionekana tu mgeni anahesabiwa amepata mnyama wake na hakuna anayejali tena. Mzee alibaki porini na kisu na chupa ya maji. Alirudi kesho yake nyayo zimechanika, amemmaliza. Mtu wa namna hiyo huenda aliwahi kumkaidi na chef wake. Huenda mara moja. Nilihitaji mara moja tu.

Macho yake yalianza kufa taratibu. Ukungu mweupe uliingia jicho moja, kisha la pili. Kwa muda aliwadanganya kule shambani, akisoma udongo kwa vidole, na wageni walipenda zaidi kumwona amepiga magoti anapapasa ardhi, walimpiga picha. Mpaka siku moja aliwapeleka moja kwa moja kwenye uzio. Mwenye shamba alimshukuru na kumpandisha basi la kurudi Durban.

Kazi ya kulinda magari nayo ilimshinda, kwani aliwapungia watu waegeshe mahali palipokuwa na gari. Mzee mmoja wa kanisa letu mwenye nyumba Queensburgh alimpa chumba cha uani. Nilikuwa naenda Jumapili baada ya ibada, si kila Jumapili. Wiki nzima nipo Isipingo nikiuza ndagala, dagaa wa kwetu, na unga karibu na stendi ya teksi, na Jumapili miguu inadai haki yake. Lakini mama wa nyumba ile aliponiambia mzee hali vizuri, nilipika sombe nikaenda.

Alikuwa amelala amegeukia ukuta. Nilikuwa sijasema neno.

"Mama Furaha," akasema. "Kiatu cha kuume kimeisha kisigino. Nunua kingine."

Nilimkalisha, nikamlisha. Alikula kijiko baada ya kijiko, akasema chumvi imepungua, nikasema daktari amekataza, akasema daktari hakupika. Nje watoto wa nyumba ile walikuwa wanapiga mpira ukutani. Nilipofuta mdomo wake nikaona kwamba nisipouliza siku ile sitauliza tena.

"Muzee, nilikuwa na kaka."

"Minajua."

"Umejuaje?"

"Ile siku ya ugali."

Kwa hiyo alijua. Muda wote ule alijua, akasubiri. Nikamwambia yaliyobaki: mwaka wa vita, shule tuliyolala, mto, wenzake wawili, matete. Nikamwuliza kama yeye alikuwepo. Nikamwuliza kama kuna yeyote aliyemfuata.

Alijiinua kwenye mto. Uso wake ulichangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu macho yafe.

"Alikuwa murefu?"

"Ndiyo."

"Minamuona. Murefu. Iko na watoto?"

"Mmoja. Wa kiume."

"Ndiyo." Akatikisa kichwa. "Nilimufuata, Mama Furaha. Chef alikataza. Mimi nilirudi asubuhi, peke yangu. Damu iliingia kwenye matete, ikatoka upande wa pili, ikapanda. Nilimukuta chini ya muti. Alikuwa bado anapumua, lakini hakuwa na maumivu, ilikuwa imeisha. Alitaja ule mutoto wake. Nilimupa maji. Nilikaa naye. Alipoenda nilimufunga macho, nikachimba, nikamufunika, nikasali kwa luga yetu."

Nililia. Nililia kwa sauti, mpaka mpira ukanyamaza nje. Niliuona mti. Niliona maji yakimwingia mdomoni. Kwa kitambo kifupi nilikuwa na kaka aliyezikwa, na nikawaza jinsi nitakavyowapigia simu nyumbani tukae matanga, hata kama mama hayupo. Niliushika mkono wa mzee na kuubusu.

Alipapasa kichwa changu. Alifurahi, nilimsikia kwenye pumzi yake. Akaongeza:

"Na ile shati yake nyekundu niliikunja, nikaiweka chini ya kichwa."

Shati alilovaa kaka yangu siku ile nililifua mimi jana yake jioni. Halikukauka vizuri. Alilivaa hivyohivyo asubuhi, bichi, akinitania kwamba nimemfulia umande. Nalijua kama ninavyoijua ngozi yangu. Ndipo nikasikia tena maswali yale, alikuwa mrefu, ana watoto, na nikajua niliyasikia wapi kabla: kwenye hadithi zake za wageni na moto wa jioni.

"Halikuwa jekundu, muzee."

Watoto walianza tena kupiga mpira wao. Nilingoja aseme amekosea, au alie, au aseme ukweli kwamba walikuwa wengi na hakumtazama usoni hata mmoja wao. Ningelipokea hilo. Lingeniua, lakini ningelipokea.

Mkono wake ulitafuta juu ya blanketi mpaka ukanipata. Akainama karibu nami, akashusha sauti, jinsi mtu anavyonong'ona akiwa hataki kukishtua kitu kilichosimama karibu.

"Basi ilikuwa rangi gani, Mama Furaha? Niambie."

Nilikusanya bakuli na kijiko. Aliniuliza tena, kwa upole uleule, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na rangi ya shati la kaka yangu mdomoni. Sikumwambia.